Nambari Inayofuata

Msomaji, chukua kalamu na kipande cha karatasi, uandike nambari hizi katika mstari mmoja: 3, 7, 13, 21, 31. Kisha ujiulize ni nambari gani itakayofuata. Swali la namna hii huenda umekwisha kulikuta katika mtihani wa kupima akili. Na kama hujalikuta, yamkini utalikuta siku utakapotafuta kazi au nafasi ya masomo. Ni swali fupi. Halina hadithi wala picha, na halikuulizi habari za nchi yoyote. Kwa sababu hiyo watu wengi wamelidhania kuwa ndilo swali la haki kuliko maswali yote. Kwamba mbele yake mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini husimama sawasawa, na kila mmoja hupimwa kwa akili aliyozaliwa nayo, wala si kwa kitu kingine.

Insha hii ina makusudio mawili. La kwanza ni kukuonyesha jinsi swali hilo linavyotatuliwa. La pili ni kukusimulia historia yake, ili uone ni mambo makubwa kiasi gani yaliyowahi kujengwa juu ya mstari mmoja wa nambari, na uamue mwenyewe kama msingi huo uliweza kuyabeba.

Tuanze na kutatua. Nambari za mfululizo hazikutupwa ovyo kama mbegu zilizomwagika njiani. Ziko chini ya kanuni, na kazi yako ni kuitafuta kanuni hiyo. Njia ya kwanza ni kutazama tofauti. Kutoka 3 hadi 7 ni 4. Kutoka 7 hadi 13 ni 6. Kutoka 13 hadi 21 ni 8. Kutoka 21 hadi 31 ni 10. Tofauti zenyewe zinapanda kwa 2 kila mara, basi tofauti ijayo ni 12, na jawabu ni 43. Ikiwa tofauti hazionyeshi utaratibu, zitafutie nazo tofauti zake. Usidhani kuwa hii ni hila ya watunga mitihani tu. Mwaka 1822 Mwingereza Charles Babbage alitangaza mpango wa mashine ya kupiga hesabu kwa njia iyo hiyo, ya kujumlisha tofauti juu ya tofauti, ili majedwali yaliyotumiwa na mabaharia na wanafalaki yasiwe na makosa.

Njia ya pili ni kuzidisha na kugawanya. Nambari zikikua upesi mno, au zikipungua upesi mno, shuku jambo hilo. Mfululizo 5, 10, 20, 40 hutaka 80. Mfululizo 3, 7, 15, 31 hutaka 63, kwa maana kila nambari huzidishwa kwa 2 kisha ikaongezwa 1. Njia ya tatu ni kutenganisha. Mfululizo ukipanda na kushuka kama mawimbi, mathalani 4, 30, 7, 25, 10, 20, fikiri kwamba labda ni mifululizo miwili iliyosukwa pamoja kama miyaa ya ukili. Chukua ya kwanza, ya tatu na ya tano, upate 4, 7, 10. Chukua zilizosalia, upate 30, 25, 20. Zitakazofuata ni 13, kisha 15.

Njia ya nne ni ya herufi. Kila herufi ipe nambari yake: A iwe 1, B iwe 2, hivyo hivyo mpaka Z iwe 26. Ukiulizwa kinachofuata baada ya A, C, F, J, andika 1, 3, 6, 10. Tofauti ni 2, 3, 4. Ijayo ni 5. Nambari ni 15, na herufi ya 15 ni O. Mwisho wa yote, usiandike jawabu kabla ya kuirudia kanuni yako tangu nambari ya kwanza. Kanuni inayokubali nambari nne na kukataa ya tano si kanuni.

Maswali ya herufi yalijulikana sana baada ya L. L. Thurstone wa Chicago kuyatia katika majaribio yake ya mwaka 1938. Miaka 25 baadaye, katika 1963, Herbert Simon na Kenneth Kotovsky waliandika programu ya kompyuta iliyoweza kuyatatua. Iliwapasa waifundishe mashine mambo machache tu: mpangilio wa alfabeti kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma, maana ya “ile ile”, maana ya “inayofuata”, na namna ya kutambua mahali mpango unapoanza kujirudia. Yashike mambo hayo, msomaji, kwa kuwa tutayahitaji mbele. Yote ni vitu ambavyo mtu hujifunza. Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa akiijua alfabeti.

Sasa tuulize swali ambalo mitihani haiulizi. Je, mfululizo una jawabu moja tu? Chora duara, uweke nukta 2 juu ya mzingo wake, uziunganishe kwa mstari. Duara limegawanyika sehemu 2. Weka nukta 3 na uunganishe kila moja na nyingine. Sehemu ni 4. Kwa nukta 4 utapata 8, na kwa nukta 5 utapata 16. Ni nani asiyekuwa tayari kuapa kwamba nukta 6 zitaleta sehemu 32? Walakini chora kwa uangalifu, mistari mitatu isikutane mahali pamoja ndani ya duara, kisha uhesabu. Utakuta sehemu 31. Kanuni uliyoitegemea ilikuwa kweli mpaka pale ulipokuwa umefika, wala haikukuahidi zaidi ya hapo.

Wanafalaki wa Ulaya walijifunza somo hili kwa gharama kubwa kuliko yetu. Mwaka 1766 Mjerumani Johann Daniel Titius aliuona mfululizo wa ajabu, na mwaka 1772 mwenzake Johann Elert Bode akaueneza. Andika 0, 3, 6, 12, 24, 48, 96. Kila moja iongeze 4. Utapata 4, 7, 10, 16, 28, 52, 100. Ukiufanya umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua kuwa 10, basi Utaridi iko karibu na 4, Zuhura karibu na 7, Mirihi karibu na 15, Mshtarii kwenye 52, na Zohali karibu na 95. Palikuwa na kasoro moja tu: kwenye 28 hapakuonekana sayari yoyote.

Mwaka 1781 William Herschel aligundua sayari mpya nyuma ya Zohali, ambayo sasa huitwa Uranus. Kanuni ilitaka 196. Sayari ilikutwa karibu na 192. Watu wakastaajabu. Tarehe 1 Januari 1801, katika mji wa Palermo, Giuseppe Piazzi aliona kinyota kidogo ambacho baadaye kiliitwa Ceres, na umbali wake ulikuwa karibu na 28, mahali pale pale palipokuwa na pengo. Baada ya hapo ni nani angethubutu kuishuku kanuni? Lakini mwaka 1846 ilionekana sayari ya Neptune. Kanuni iliamuru 388. Sayari yenyewe ilikuwa karibu na 301. Mfululizo ulivunjika, wala haukuungika tena. Basi liweke jambo hili moyoni: anayetatua mfululizo hubashiri kwa hoja, naye mtu mwenye hekima hukumbuka kwamba bashiri si yakini.

Sasa tufuate njia ambayo swali hili lilipitia mpaka likapewa mamlaka juu ya watu. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda kamati ya kuchunguza hali ya watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwanachuoni Alfred Binet, akisaidiwa na Théodore Simon, alitoa kipimo chake cha kwanza mwaka 1905. Kila mtoto aliulizwa peke yake, uso kwa uso. Binet hakutaka kuwatenga watoto milele. Alitaka kuwajua waliohitaji msaada ili wasaidiwe, na mwaka 1909 aliwakemea waziwazi wale waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kukatwa, kisichoweza kuongezeka. Alifariki mwaka 1911. Kipimo chake kikavuka bahari kwenda Marekani, na katika kuvuka kikabadilishwa nia.

Mwezi wa Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ghafula jeshi likawa na mamia ya maelfu ya vijana wa kupangiwa kazi. Robert Yerkes na wenzake walikusanyika Vineland, katika jimbo la New Jersey, wakatunga mitihani ambayo mamia ya watu waliweza kuifanya pamoja katika chumba kimoja. Mtihani wa wenye kusoma uliitwa Alpha, na ule wa wasiojua kusoma Kiingereza uliitwa Beta. Sehemu ya 6 ya Alpha ilikuwa mifululizo ya nambari: maswali 20 kwa dakika 3. Mtu aliandikiwa nambari 6, akatakiwa aongeze 2 zinazofuata. Beta nayo ilikuwa na mfululizo wake wa alama za X na O. Vita vilipokwisha, watu wapatao milioni 1.7 walikuwa wamepimwa.

Mfikirie kijana mmoja miongoni mwao. Ametoka shambani, au ameshuka melini miaka michache iliyopita. Hajapata kufanya mtihani wa kuandika maishani mwake. Anaketi katika chumba chenye watu wengi, afisa anapaza sauti, saa inapigwa, na baada ya dakika 3 karatasi lazima igeuzwe. Alama zake zikitoka, watu husema: hiyo ndiyo akili yake.

Neno hilo halikuishia jeshini. Mwaka 1923 Carl Brigham alichapisha kitabu kilichotumia alama za askari hao, akadai kwamba watu waliotoka kusini na mashariki ya Ulaya, pamoja na Wamarekani weusi, walikuwa na akili pungufu kwa asili. Hata hivyo, ndani ya hesabu zake mwenyewe palikuwa na jambo la kumzuia. Wageni waliokaa Marekani miaka 20 na zaidi walipata alama zilizolingana na za wazalia. Waliokaa miaka michache walipata kidogo. Mtu wa kawaida angesema: miaka imewafundisha lugha, shule na desturi. Brigham alisema: wageni wa zamani walikuwa wa asili bora kuliko wa siku hizi. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria iliyowafungia mlango watu wengi wa kusini na mashariki ya Ulaya. Sheria hiyo ilikuwa na sababu nyingi, na wanahistoria hubishana kuhusu kiasi ambacho mitihani iliisaidia. Ila hapana ubishi kwamba mitihani iliwapa hoja wale walioitaka. Mwaka 1930 Brigham aliandika kwamba ulinganishi wake wa mataifa haukuwa na msingi. Ni sifa yake kwamba alikiri. Bali sheria ilikuwa imekwisha kupita.

Huko Uingereza swali letu lilipewa watoto. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, watoto wa Uingereza na Wales wenye umri wa miaka 10 au 11 walifanya mtihani wa kuwagawa katika shule mbalimbali za sekondari. Pamoja na Kiingereza na hesabu, mlikuwa na maswali ya kupima akili, na mifululizo ya nambari na herufi ilikuwa miongoni mwake. Wachache walioshinda walikwenda shule zilizoelekea vyuo vikuu. Wengi waliosalia walikwenda shule nyingine, na aghalabu njia ya juu ikawa imefungwa kwao kabla hawajatimiza miaka 12. Ilisemwa kwamba maswali yale hayafundishiki, kwa kuwa yanapima kipaji. Lakini watafiti wa miaka ya 1950, miongoni mwao Philip Vernon, waliona kwamba mtoto aliyeonyeshwa namna ya maswali hayo na kupewa mazoezi alizidisha alama zake. Mwaka 1965 serikali ya huko ilizitaka wilaya ziache kuwagawa watoto kwa namna ile, na sehemu nyingi zikaacha, ingawa chache, kama Kent, zimeendelea nayo.

Nasi hapa Kenya hatukuachwa kando. Mwaka 1932 ulichapishwa Nairobi mwongozo wa mtihani wa akili kwa Waafrika, uliotungwa na R. A. C. Oliver. Katika miaka ile ile ya 1930 daktari H. L. Gordon alikuwa akidai kwamba ubongo wa Mwafrika ni mpungufu kwa maumbile, na madai hayo yalibishaniwa mpaka London. Zingatia uzito wa jambo hilo, msomaji. Kama akili ya watu imekatwa tangu kuzaliwa, basi kuwajengea shule za juu ni kupoteza fedha. Kama akili hukua kwa kulishwa, basi kuwanyima shule ni dhuluma. Mabishano yaliyoonekana kuwa ya wanachuoni tu yalikuwa, kwa kweli, mabishano juu ya madarasa, walimu na vitabu vya babu zetu.

Hebu tulijaribu swali la haki kwa mizani yetu wenyewe. Umeulizwa: M, O, kisha nini? Mtunga mtihani anataka Q, kwa maana ameruka herufi moja kila mara. Sasa mwite mtoto aliyefundishwa herufi kwa Kiswahili peke yake. Alfabeti yetu haina Q wala X. Baada ya M huja N, kisha O, kisha P, kisha R. Mtoto huyo ataruka herufi moja, kama ilivyo kanuni, naye ataandika R. Ametambua kanuni, ameifuata bila kosa, na msahihishaji atamtia mkasi mwekundu. Je, amepungukiwa na nini? Hakupungukiwa na akili. Alipungukiwa na herufi moja ambayo hakuna aliyemfundisha. Kumbe hata swali lisilouliza habari za nchi yoyote lina nchi yake.

Ushahidi wa mwisho umetoka kwetu. Mwaka 1984 watoto wadogo wa vijijini katika Embu walipimwa kwa mtihani wa picha uliotungwa na John Raven, ambao humtaka mtoto atafute kipande kinachokamilisha mpango. Ni ndugu wa mfululizo wa nambari. Mwaka 1998 watoto wa umri kama ule, katika sehemu ile ile, walipimwa tena. Alama zilikuwa zimepanda sana katika muda wa miaka 14, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Damu ya watu wa Embu haikuweza kubadilika katika miaka 14. Watafiti walitaja mambo mengine: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, jamaa zilikuwa na watoto wachache zaidi, na lishe na afya za watoto zilikuwa zimekuwa njema zaidi. Wala Embu haikuwa peke yake. Mwaka 1987 James Flynn wa New Zealand alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba alama za mitihani ya akili zilipanda kizazi baada ya kizazi katika nchi 14. Kitu kinachopanda kwa uji, kwa dawa na kwa kitabu hakiwezi kuitwa kiasi kilichokatwa.

Kwa hiyo, msomaji, tufanyeje na swali hili? Wako watakaosema litupwe. Mimi sisemi hivyo. Kuitafuta kanuni iliyojificha ndani ya vitu vingi ni kazi njema ya akili. Mwaka 1885 Johann Jakob Balmer, mwalimu wa shule ya wasichana katika mji wa Basel, akiwa mtu mzima wa miaka 60, alitazama vipimo vinne vya mistari ya mwanga wa haidrojeni, akaona kanuni inayoviunganisha. Na kanuni hiyo ikaja kuwasaidia wanasayansi kuelewa atomu. Yeye alifanya lile lile unalolifanya unapotafuta nambari inayofuata. Basi jizoeze. Anza na tofauti, kisha kuzidisha, kisha kutenganisha; andika hatua zako; hakiki kabla ya kujibu. Siku ya mtihani swali likikushinda, liache uendelee na mengine, ulirudie baadaye, kwa kuwa dakika hazimngojei mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na kila mfululizo uliokwisha kuuelewa hukufungulia mwingine.

Ila usikubali kamwe kwamba alama ya dakika 3 ndiyo kipimo chako, wala usimpime mwenzako kwa mizani hiyo. Ukishinda, washukuru waliokufundisha alfabeti. Ukishindwa, tafuta ni herufi gani hukuonyeshwa, uende ukajifunze. Watu waliotazama nambari chache na kutangaza mwisho wa mfululizo wote walikosea juu ya sayari, wakakosea juu ya wageni wa Marekani, wakakosea juu ya watoto wa Embu. Nawe ungali katika nambari za mwanzo za maisha yako, na inayofuata bado haijaandikwa.